Kabla Hajawa Bibi Harusi, Ni Mwanafunzi

 Dada zangu wa visiwani na wa bara, nawaandikia kutoka Musoma, huku kwetu Ziwa Victoria, ambako upepo wa jioni unafanana kidogo na wa Forodhani ila hauna chumvi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma ushonaji, na sasa nina ofisi yangu ndogo na mabinti 3 wanaonisaidia. Mwaka wangu una misimu miwili mikubwa. Desemba na Januari nashona sare za shule, sketi na mashati ya watoto wa Musoma mjini, na oda nyingine natoa Bunda na Butiama. Halafu kuna msimu wa harusi, hasa baada ya Idi, hapo ni magauni, mashela na madera ya mawifi. Nimeifanya kazi hii miaka 12 sasa, na wasichana wa misimu yote miwili ni wale wale. Niliyempima sketi ya kidato cha kwanza anarudi baada ya miaka 7 au 8, yupo na mama yake na shangazi yake, safari hii wanachagua lesi.

Kwa hiyo alichofundishwa darasani, na ambacho hakufundishwa, mimi nakutana nacho tena siku anapokuja kama bibi harusi. Leo naomba tuzungumze kuhusu somo moja ambalo wengi wao hawakulipata kabisa: kwamba akili nayo huugua, kwamba ugonjwa huo una majina, dalili na matibabu, na kwamba anayeugua si mtu wa kuchekwa.

Maneno tuliyo nayo

Hebu jiulize shoga yangu, una maneno mangapi ya kumwelezea mtu ambaye akili yake haiko sawa? Huku kwetu tunasema kichaa, mwehu, kachanganyikiwa, ana mapepo, karogwa. Vijana wakitaniana wanaambiana, "Wewe ni wa Mirembe," maana Mirembe ni hospitali ya Dodoma ya magonjwa ya akili, ipo tangu 1927. Nyinyi wa Unguja mna Kidongo Chekundu, na naamini mnajua jina hilo likitajwa barazani watu wanacheka badala ya kusema, "Allah amponye."

Tatizo ni kwamba maneno yetu yana vyumba viwili tu: mzima na kichaa. Katikati hakuna kitu. Msichana ambaye kwa wiki 5 halali, hali, hacheki na haoni sababu ya kuamka, tutamweka chumba gani? Si kichaa, maana anajibu salamu na anajua leo ni siku gani. Basi tunasema ni mzima, na kama ni mzima basi ana kiburi, ana uvivu, au ana mwanaume.

Neno la Kiswahili lipo. Ugonjwa huo unaitwa sonona. Nimewauliza mabinti wangu wa ofisini, wote wamefika kidato cha nne, hakuna aliyewahi kulisikia darasani. Mmoja alinionyesha madaftari yake ya Biolojia. Malaria imo, kipindupindu kimo, UKIMWI umo kurasa kadhaa. Ubongo nao umechorwa vizuri na sehemu zake zote. Lakini ubongo huo ukiugua inakuwaje, hapo daftari limenyamaza.

Habari ya mdogo wangu

Ninayoeleza sasa nimepewa ruhusa na mwenyewe. Ila jina lake na la shule yake sitayataja.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Mtoto mchangamfu, anaongoza kaswida madrasa, darasani hakosi kumi bora. Muhula wa pili akaanza kubadilika. Kwanza usingizi ukamtoka, anageuka kitandani mpaka adhana ya Alfajiri. Kisha chakula. Kisha maneno. Ilifika mahali anakaa ukutani na sare yake mchana kutwa hajaivua, ukimwuliza una nini, anasema, "Sina kitu." Na kweli hakuwa akificha. Hakuwa na neno la kusema.

Shuleni waliona anasinzia na hafanyi kazi, akachapwa. Akaendelea kusinzia, akachapwa tena, mzazi akaitwa, ikaandikwa utovu wa nidhamu. Mtaani wakasema ni jini mahaba, kwa kuwa ni mtoto mzuri wa sura. Nyumbani wakahangaika naye huku na huko. Akasomewa, na kisomo hakina ubaya, sisi ni Waislamu na Qur'ani ni shifaa. Lakini akapelekwa na kwa watu wengine wenye masharti ya mbuzi mweusi na kufungiwa ndani, pesa ikaenda, muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Miezi 10 ikapita.

Aliyetutoa gizani ni shangazi yetu wa Bunda, muuguzi mstaafu, alipokuja kututembelea. Alikaa naye peke yake chini ya mwembe, akamwuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Unalala saa ngapi? Mara ya mwisho kitu kilikufurahisha lini? Unajilaumu? Unapata mawazo ya kutotaka kuishi? Hilo la mwisho mama alipolisikia alitaka kumzuia, akihofia anampandikizia mtoto wazo baya. Shangazi akasema, "Wifi, swali haliingizi wazo. Wazo likiwepo, swali ndilo linalolitoa nje." Na wazo lilikuwepo, dada zangu. Lilikuwepo miezi mingi, ndani ya nyumba yenye watu wanane.

Alipelekwa hospitali. Akapewa dawa na akawa anakutana na mshauri kuzungumza. Tuliambiwa mapema kwamba dawa za sonona hazifanyi kazi kama panadol, huchukua wiki kadhaa mgonjwa kuanza kuona nafuu, hivyo tusikate tamaa na tusimkatishe dozi. Wiki ya nne alicheka. Kitu kidogo tu, kuku alikuwa amepanda juu ya cherehani. Mama alilia kwa kile kicheko.

Alirudia darasa, akamaliza kidato cha nne, Alhamdulillah. Siku moja tukiwa tunafunga vishikizo vya sare aliniambia, "Dada, ningekuwa nalijua jina lake, ningewaambia mapema. Mimi nilidhani ndivyo nilivyo."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Miezi 10 mtoto alidhani ndivyo alivyo. Kipindi kimoja cha dakika 40 darasani kingemwambia sivyo.

Ng'ambo ya ziwa waliwahi kukosa jina

Mtaniambia, mambo haya ni mazito kufundisha watoto. Nawakumbusha jambo lililotokea ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa huko mwaka 1983. Kabla watu hawajajua ni ugonjwa gani, waliuita Juliana. Juliana lilikuwa vazi la fasheni lililoingia kwa biashara ya kuvuka mpaka wa Uganda. Wanaolivaa wakawa wanakonda na kufa, basi ugonjwa ukapewa jina la nguo.

Mimi kama fundi habari hii hainitoki akilini. Watu waliogopa shati! Nao hawakuwa wajinga, walitumia kile walichokiona. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa. Ugonjwa bila jina la kweli hujitafutia jina lolote lililo karibu.

Leo mtoto yeyote wa darasa la 6 pale Nyasho anajua UKIMWI unaambukizwaje na hauambukizwi vipi. Nani alimfundisha? Redio, zahanati, na sana sana shule ya serikali. Wazazi wengi waliona haya mwanzoni, wakisema watoto wataharibika. Hawakuharibika kwa kujua. Waliokuwa wakifichwa vyumbani wakaanza kupelekwa kliniki.

Sonona, wasiwasi uliopitiliza, baipola, skizofrenia, na hata kifafa, ambacho ni ugonjwa wa ubongo na povu lake haliambukizi mtu, bado viko kwenye enzi ya Juliana. Nako huko ndiko wasichana wetu wanakoanzia kuugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la kidato cha pili lenye wanafunzi 70, piga hesabu mwenyewe.

Arusha walishajaribu

Jambo hili si ndoto. Hapa hapa Tanzania limeshajaribiwa. Profesa mmoja wa magonjwa ya akili kutoka Canada, Stan Kutcher wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, alitengeneza mwongozo wa kufundishia afya ya akili katika shule za sekondari. Ukarekebishwa kwa mazingira ya Malawi, kisha ukaletwa Tanzania, na walimu wa sekondari mkoani Arusha wakafunzwa namna ya kuutumia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na 2017: walimu baada ya mafunzo walijua zaidi, waliwanyanyapaa wagonjwa kidogo zaidi, na walikuwa tayari zaidi kutafuta msaada, wao wenyewe na kwa wanafunzi wao.

Ninachokipenda ni kwamba anayefundisha ni mwalimu wa kawaida, darasani, katika ratiba ya kawaida. Hakuna daktari wa kusubiriwa kutoka mjini. Mwongozo una sehemu 6: unyanyapaa, afya ya akili na ugonjwa ni nini, magonjwa yenyewe moja moja, simulizi za walioyapitia, kutafuta msaada, na namna ya kutunza afya ya akili.

Kuna kitu kimoja katika mafundisho hayo ambacho kila mama anaweza kukitumia leo jikoni kwake. Wanatofautisha mambo matatu.

La kwanza ni huzuni na wasiwasi wa kila siku. Umefeli jaribio, umegombana na rafiki, kesho kuna mtihani. Inauma, lakini inapita, na hakuna dawa inayohitajika. Hii ni sehemu ya maisha na inamkomaza mtoto.

La pili ni mzigo mkubwa unaotokana na jambo kubwa, kama kufiwa na baba au nyumba kuvunjika. Hapa mtoto anahitaji watu wa kumshika mkono, mzazi, mwalimu, ustadhi, pengine mshauri.

La tatu ni ugonjwa wenyewe. Unadumu kwa wiki nyingi, unamzuia mtoto kusoma, kula, kulala, kuswali na kukaa na watu, na mara nyingine hauna sababu inayoonekana. Huyu anahitaji mtaalamu wa afya.

Ukilijua hili hutamkimbiza hospitali mtoto anayelia kwa sababu ameachwa nyuma na marafiki, na hutamchapa viboko mtoto ambaye ni mgonjwa. Wanaosema kwamba somo hili litawafanya watoto wote wajione wagonjwa, nawajibu kwamba linamfundisha mtoto pia ni wakati gani si mgonjwa.

"Lakini dini inasemaje?"

Swali hili naulizwa kila nikilizungumzia jambo hili kwenye vikao vyetu vya akina mama. Wapo wanaoamini kwamba mwenye imani hapati ugonjwa wa akili. Dada yangu, mwenye imani hapati malaria?

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake, na akatuhimiza tujitibu. Hakusema isipokuwa magonjwa ya kichwani. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Mama yake Musa moyo wake ulibaki mtupu baada ya kumtia mwanawe mtoni. Bibi Maryam katika uchungu wa kuzaa alitamani angekuwa amekufa kabla ya hayo. Sisemi walikuwa wagonjwa, hasha. Nasema Qur'ani haikuwaonea haya kwa huzuni yao, basi sisi ni nani wa kumwambia mtoto kwamba huzuni ni upungufu wa imani?

Tena wanazuoni wetu walishatangulia. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu siha ya miili na ya nafsi. Alieleza kwamba nafsi nayo huugua kama mwili unavyougua, na kwamba kuna huzuni yenye sababu inayojulikana na nyingine isiyo na sababu inayojulikana, ambayo chanzo chake kiko mwilini. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,000 kabla ya mwongozo wa Arusha! Na Cairo, hospitali aliyoijenga Sultan Qalawun mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Wakati huo Waislamu walikuwa wanawatibu.

Basi kisomo kiendelee, dua ziendelee, na dozi iendelee. Hakuna anayemwambia mwenye kisukari achague kati ya Yasin na dawa zake.

Mwalimu wa Bunda na mawazo ya Butiama

Januari nilipeleka sare shule moja Bunda, tukazungumza na mwalimu mmoja wa kike wakati wa kuhesabu mzigo. Nilimwuliza kwa nini somo hili halipo. Hakunikatalia umuhimu wake. Aliniambia, "Mama, mimi nina vipindi 28 kwa wiki, halafu ndiye mwalimu wa malezi pia. Mtoto akija analia nina dakika 10 za mapumziko, na mimi mwenyewe sikufundishwa nimwambie nini." Kisha akasema jambo la kweli kabisa: walimu nao wanaugua, na hawana wa kumwambia.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba nawatupia walimu lawama. Ninachoomba ni wafunzwe na wapewe kitabu. Mitaala mipya imeanza kutumika Januari 2024, na vitabu vinaendelea kuandikwa. Ni wakati mzuri wa wazazi kupaza sauti kabla wino haujakauka.

Na nikiwa njiani kwenda Butiama huwa namkumbuka Mwalimu Nyerere, mtoto wa pale. Mwaka 1967 aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba shule isiwaandae wachache watakaoendelea juu huku ikiwasahau wengi watakaorudi kuishi vijijini. Wasichana wangu wengi wanaishia kidato cha nne, wengine la saba. Somo hili likiwekwa chuo kikuu halitawafikia. Liwekwe mahali walipo wengi, shule za serikali, kuanzia darasa la 5 au la 6 kwa maneno mepesi, na sekondari kwa kina.

Hospitali yetu ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, yenye jina la Mwalimu, ilianza kujengwa zamani ikakaa miongo bila kumalizika. Majengo huchukua muda na pesa nyingi. Kurasa 20 kwenye kitabu cha mtoto hazihitaji saruji.

Sasa turudi kwenye harusi

Najua wengi mnaosoma hapa mna posa au mna mabinti wa kuozesha, na mnajiuliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana.

Mwaka juzi mdogo wangu alipata posa. Kijana wa watu, mwenye dini, mwenye kazi. Kikao cha ukoo kikakaa: tuwaambie au tusiwaambie? Wajomba wakasema nyamazeni, ameshapona. Wengine wakasema tukisema, harusi imekufa na wadogo zake nao hawataolewa, kwa kuwa ukoo utaitwa wa vichaa. Mdogo wangu mwenyewe akasema, "Nitamwambia mimi."

Akamwambia mbele ya kaka yetu: niliugua sonona nikiwa kidato cha pili, nikatibiwa nikapona, inaweza kurudi, na dalili zake nazijua. Kijana alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Ni kama wazimu?" Kijana ana stashahada, dada zangu. Amepita shule za serikali kuanzia la kwanza. Anaweza kukueleza mbu wa malaria anazaliana vipi, lakini hili hakufundishwa kama ambavyo sisi hatukufundishwa. Alikwenda pamoja na kaka yetu kumwona mtaalamu aliyemtibu, mdogo wangu akiwa ameridhia, akauliza maswali yake yote. Baada ya wiki 2 familia yao ikarudi, posa ikaendelea. Shangazi mmoja wa upande wao hakuja kwenye harusi. Gauni nililishona mimi.

Katika fiqhi, wazimu umetajwa na wanazuoni wengi miongoni mwa aibu zinazoweza kumpa mwenza haki ya kutaka ndoa ivunjwe. Kwa hiyo kuficha ni kujenga nyumba juu ya mchanga. Lakini sonona iliyotibiwa ni wazimu? Kifafa ni wazimu? Huwezi hata kumwuliza shehe swali sahihi kama hujui unachokiulizia. Nendeni kwa shehe mnayemwamini na kwa mtaalamu wa afya, wote wawili, kabla ya kuamua. Na upande wa muoaji nao, mkichunguza ukoo wa watu, ulizeni mtu alitibiwaje na anaendeleaje, msitosheke na neno "kichaa" lililookotwa kisimani.

Ninapoandika haya mdogo wangu ana ujauzito wa miezi 8. Aliyewahi kuugua sonona ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata baada ya kujifungua, tunalijua hilo. Kliniki ameshawaeleza historia yake. Mume wake anajua kwamba machozi ya siku chache za mwanzo ni ya kawaida kwa mzazi, ila yakivuka wiki 2 na mama hamtaki mtoto, hali wala halali hata mtoto akilala, hapo hakuna kusubiri arobaini iishe. Mama mkwe wake ndiye atakayekuja kumkanda, naye ameambiwa. Tuna hofu, siwadanganyi. Lakini safari hii tuna jina, tuna dalili na tunajua pa kwenda.

Na mimi nawafikiria wale niliowashonea sketi Januari. Ni wangapi watafika kwenye arobaini yao bila neno hata moja?

Tunaweza kufanya nini?

Tusisubiri wakubwa tu. Yapo ambayo mama wa kawaida anaweza.

Kikao cha wazazi shuleni ni chako. Nyoosha mkono, omba mtaalamu wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya au ya mkoa aje azungumze na walimu na wanafunzi angalau mara moja kwa muhula. Kikao hicho hicho ulizeni mwalimu wa malezi ni nani, na kama anapewa nafasi ya kumsikiliza mtoto faragha.

Madrasa nayo ni shule. Ustadhi akiambiwa dalili za sonona atamtambua mwanafunzi wake mapema kuliko sisi, na kauli yake ina uzito kwa wazazi.

Nyumbani acheni kutumia neno "kichaa" kama utani mbele ya watoto. Anayeugua kimya anawasikia, na kila kicheko kinamfungia mlango.

Mtoto akitamka kwamba hataki kuishi, hata kwa utani, usimgombeze wala usimwache peke yake. Kaa naye, mwulize kwa upole, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ipo pia namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, 116, kwa mtoto mwenyewe au mtu mzima anayemhofia mtoto.

Na wewe bibi harusi mtarajiwa, katika orodha yako ya kabati, vitenge na vyombo, ongeza mazungumzo haya na mwenzio kabla ya nikaha. Mwulize, nikiugua akili utafanya nini? Jibu lake litakuonyesha mengi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wanaojulikana na wanaojificha, awape subira wanaowahudumia, awafungulie walimu wetu kheri, na amjalie mdogo wangu ajifungue salama. Tuombeeni, nasi tunawaombea.